Mvua ya Upande Mmoja

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi kasi ya intaneti ilikuwa megabiti mia nane na tisini. Saa tatu na dakika mbili ilikuwa sifuri. Antena akaziandika namba zote mbili kwenye daftari lake, kisha akaikazia macho ruta iliyobandikwa ukutani kana kwamba ni shahidi aliyeanza kujikanyaga.

"Imekufa tena," alisema Dada Swichi.

"Haijafa. Imenyamaza. Maiti hawashi taa."

Kweli, taa tatu za kijani zilikuwa zinawaka bila wasiwasi wowote. Katika chumba cha pili wapimaji wanne walikuwa wameegemea viti wakisubiri picha zao zipite. Ofisi hii ilikuwa ya ramani: ilirusha droni juu ya mashamba na barabara, ikarudi na picha elfu sita kwa siku, ikazishona pamoja. Picha nzito kama mawe. Ndiyo maana miaka mitatu iliyopita Bosi alitaka Waifai ya chaneli pana, na ndiyo maana alimwita Antena aifunge. Jina la Antena lilikuwa la wateja. Walimpa kwa urefu wake na kwa masikio yaliyosimama kila upande. Siku hizi kufunga mitandao alikuwa amepunguza. Aliitwa pale mitandao ilipokorofisha na watu wakaanza kunyoosheana vidole.

Hapa kidole kilikuwa kimeshapata pa kuelekea. Jumatatu ya wiki iliyopita, saa tatu asubuhi, Dada Swichi, msimamizi wa mtandao, aliiwekea ruta toleo jipya la programu yake. Tangu saa hiyo kasi ilipanda na kushuka kama homa. Ramani ya mteja mkubwa ilichelewa siku mbili. Leo ilikuwa Jumatano, na barua ya kumwachisha kazi ilikuwa kwenye droo ya pili ya meza ya Bosi, imeshapigwa muhuri, inasubiri tarehe tu.

"Saa nane mchana nataka jina," Bosi alikuwa amesema. "Nadharia kaa nazo mwenyewe. Kabla hajagusa ilikuwa inapaa, alipogusa ikaanguka. Hata mtoto wangu wa darasa la pili anaweza kuijumlisha hiyo."

Antena akavuta kiti. "Tuanze mwanzo. Jumatatu ulifanya nini?"

"Nilihifadhi mipangilio yote kwenye faili."

"Kabla ya kugusa?"

"Kabla ya kugusa. Si ndivyo ulivyonifundisha? Mara ya kwanza nilisahau, ukanifanya niipange swichi nzima ya mtandao upya kwa mkono."

"Ulilia."

"Nilipiga chafya."

"Chafya ya dakika ishirini. Haya. Baada ya kuhifadhi?"

"Nikaweka toleo. Likakaa vizuri. Nikapima, kasi nzuri. Dakika chache baadaye, sifuri. Nilimwomba Bosi tutumie chaneli nyembamba mpaka tujue tatizo. Akaniambia nimevunja gari halafu nampa baiskeli."

Antena akatabasamu, akaandika. "Kuna nani mwingine anayegusa umeme humu?"

Wote wawili wakageuka kutazama jikoni.

Mama Chai alikuwa anafuta beseni. Bosi mwenyewe ndiye aliyeleta tuhuma hii: alikuwa amechora mistari kwenye karatasi na kugundua kwamba mtandao uliwahi kukatika saa nne, na saa nne ndipo maikrowevu inapowashwa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Bado. Hiyo maikrowevu unaiwasha saa ngapi?"

"Saa nne na saa saba. Na wakati wowote mhasibu anapokuja na kiporo chake. Mwanangu, mimi napasha chai, sipashi intaneti."

"Niwashie nione."

Akaweka kikombe ndani, akabonyeza. Mashine ikaunguruma kama inapanda mlima. Antena akasimama mlangoni na laptopu mkononi, macho kwenye mstari wa kasi. Kikombe kikazunguka. Mstari haukutikisika. Akaomba kikombe cha pili, na cha tatu.

"Unapima au unakunywa?" Mama Chai akauliza.

"Vyote. Maikrowevu inachafua hewa ya mitandao ya zamani. Hii yetu inapita juu zaidi. Huna kesi, mama."

"Basi niandikie. Yule bosi wako amenipita asubuhi bila salamu."

Akamwandikia kweli, kwenye kipande cha daftari: *Maikrowevu haihusiki.* Mama Chai akakibandika kwenye mlango wa friji.

Saa nne na nusu Antena alirudi kwenye ruta, akafungua kumbukumbu zake za ndani, mstari kwa mstari. Toleo la zamani halikuwa linaandika mengi. Jipya lilikuwa na mdomo. Akatelezesha kidole kwenye skrini na kusimama.

"Soma hapa."

Dada Swichi akasoma: "Rada imesikika. Chaneli imeachwa."

"Na hapa. Na hapa. Jana peke yake mara kumi na moja." Akageuza daftari, akachora barabara. "Chaneli pana ni barabara ya njia nane. Inakwenda mbio kwa sababu imetanuka. Lakini katika kutanuka inakanyaga njia zisizo zetu. Ni za rada za hali ya hewa. Ruta ikitaka kupita humo, sharti kwanza isikilize, dakika kumi bila kusema neno."

"Hiyo ndiyo sifuri."

"Hiyo ndiyo sifuri. Isiposikia kitu, inapita: mia nane na tisini. Ikishasikia, inakata ghafla, sifuri tena, kisha inakaa nusu saa kwenye kijia chembamba. Halafu inajaribu tena, maana haina haya. Kwa hiyo toleo si bovu. Linafuata sheria." Akagonga kalamu mezani. "Swali ni kwa nini kabla ya Jumatatu haikuwa inasikiliza."

Dada Swichi akainama na kuanza kunyoosha waya ambao haukuwa umejikunja.

Antena akamtazama kidogo. Akatoa ruta ya akiba kwenye begi, ndugu wa ile ya ukutani, yenye toleo la zamani. "Lete lile faili ulilohifadhi."

"Lipo kwenye... nilitafute."

"Wewe? Utafute faili? Unajua hata vijiko vya jikoni viko vingapi."

Akalileta. Antena akalipakia kwenye ruta ya akiba na kusubiri. Ukurasa wa mipangilio ukafunguka kama ulivyokuwa kabla ya Jumatatu. Jina la mtandao, sawa. Upana wa chaneli, mpana kabisa, sawa. Nguvu, sawa. Mstari wa nne uliandikwa *Nchi*.

Nchi iliyokuwa pale ilikuwa ng'ambo ya bahari mbili. Hakuna mtu wa ofisi hii aliyewahi kuikanyaga. Kwenye nchi ile kipande kile cha hewa hakina rada, kwa hiyo ruta ikiambiwa iko huko haisikilizi chochote. Inapiga kelele tu. Toleo jipya halikukubali kudanganywa. Lilisoma nchi halisi kutoka kwenye kifaa chenyewe, likaufuta uongo, na siku hiyo hiyo ruta ikaanza kuwa na adabu.

Chini ya mstari kulikuwa na maandishi madogo. *Imebadilishwa na: Fundi Mkuu.* Tarehe ilikuwa ya Alhamisi moja, miaka mitatu nyuma.

"Akaunti ya Fundi Mkuu ni ya nani?" Antena akauliza, ingawa alikuwa ameshaanza kuifunga laptopu.

"Yako," alisema Dada Swichi. "Haina mwingine."

Alhamisi ile Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake tangu asubuhi, anataka namba kubwa. Kwenye orodha kulikuwa na nchi karibu mia mbili. Kuchagua kulichukua sekunde mbili, na Bosi akampigia makofi.

"Nakwenda kilimani kwenye kituo cha hali ya hewa," Antena akasema. "Kama rada ni ya kweli, watakuwa na kumbukumbu."

"Mkutano saa nane, Fundi."

"Saa nane naijua."

*

Kituo kilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, mnara wenye mpira mweupe juu yake. Mtaalamu wa zamu alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Alimsikiliza Antena bila kumkatiza, akafungua kumbukumbu za skrini.

"Hii tuliiita mkia," akasema.

Duara la kijani lilikuwa safi kote isipokuwa sehemu moja. Kutoka katikati, kuelekea kusini-mashariki, ulikuwa umetandazwa mstari mpana wa mvua, umenyooka kama umechorwa kwa rula.

"Mvua ya upande mmoja," Antena akasema.

"Mvua isiyosogea. Wingu gani linakaa mahali pamoja miaka mitatu? Lakini lilipochanganyika na mawingu ya kweli, kulitenganisha ilikuwa kazi. Anayekaa kwenye skrini anaona mvua. Afanye nini? Anatoa tahadhari."

"Ulianza lini?"

Akamwonyesha tarehe. Alhamisi.

"Ukaisha?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita, saa tatu asubuhi. Tulimpongeza fundi wetu wa mnara. Naye akakubali pongezi, mshenzi."

Antena akaomba rula na ramani ya mji. Akaiweka rula kwenye mnara, akaielekeza kusini-mashariki, akavuta mstari. Ukapita soko, ukapita uwanja wa mpira, ukakata paa la ofisi ya ramani katikati.

"Nani alikuwa anatoa hizo tahadhari?"

"Mtu aliyekuwepo kabla yangu. Kuna ofisi ya droni ililalamika mara tatu. Wanaambiwa mvua inakuja, wanafunga vifaa, jua linawaka. Barua ya tatu ilipofika, akatolewa kwenye skrini." Akavuta faili, akatoa nakala tatu. Sahihi iliyokuwa chini ya kila moja ilikuwa ya Bosi. Halafu mtaalamu akavaa miwani yake, akamtazama Antena usoni. "Mbona unaniuliza mimi? Wewe si ndiye umemuoa dada yake?"

Antena akatoa kalamu. Akaomba karatasi, akaandika nusu ukurasa amesimama, akatia sahihi, akamwachia nakala. Kisha akatoka nje.

Shemeji yake alikuwa kwenye uwanja wa majani uliozungushiwa waya, ameinama juu ya chombo cha kupimia mvua. Alikuwa anakitoa chupa taratibu, kama mtu anayemtoa ndege kwenye kiota.

"Shemeji!" akaita bila kuinuka. "Leo umekuja bila koti la mvua?"

"Leo nimelisahau."

"Wewe? Siku tunahamia nyumba ya mama uliingia sebuleni umefungua mwavuli. Watoto mpaka leo wananiita Mjomba Masika."

"Shemeji, nina neno."

"Sema. Chupa haina masikio."

Akamwambia. Alianza na orodha ya nchi na hakuruka kitu. Shemeji aliendelea kuishika chupa usawa wa macho, ingawa ilikuwa tupu kabisa.

"Kwa hiyo ilikuwepo," akasema mwisho.

"Haikuwa mvua, lakini kwenye skrini ilikuwepo. Uliiona sawasawa."

"Nilibadilisha miwani mara mbili. Ile ya pili iliniumiza kichwa mwezi mzima, nami nikaendelea kuvaa. Nilikuwa naifuta skrini kwa spiriti kila asubuhi. Nikamwambia dada yangu, labda nazeeka. Unajua alinijibu nini?"

"Alisema nini?"

"Akasema, 'Hata baba watoto anasema hivyo.'"

Antena akatazama waya wa uzio. "Nilisema."

"Ulisema."

"Nimeshaandika kila kitu, shemeji. Nitawafuata wakubwa wako. Wakurudishe kwenye skrini."

"Usinirudishe. Yule binti anaijua kuliko mimi sasa, na mimi nimebakiza miezi minne nistaafu. Nirudi kufanya nini, kujifunza upya kuamini macho yangu?" Akaifuta chupa kwa kitambaa, akairudisha mahali pake, akafungua daftari la kituo na kuandika sifuri kwenye safu ya leo. "Andika hiyo barua yako vizuri tu. Na Jumapili usije nyumbani. Jumapili nyingine, sawa. Hii, hapana."

*

Dada Swichi alikuwa ameketi kwenye ngazi za ofisi, mkoba mapajani, kama msafiri. Ilikuwa saa nane kasoro robo.

Antena akaketi ngazi moja chini yake. "Uliuona ule mstari."

"Upi?"

"Dada."

Akachezea kifungo cha mkoba. "Niliuona Jumanne. Nilipoanza kulinganisha mipangilio ya zamani na mipya."

"Siku nane umekaa nao? Na barua iko kwenye droo?"

"Wewe ungemtaja mwalimu wako?"

"Ningemtaja."

"Mwongo."

Antena akainuka, akajipangusa vumbi la kilimani. "Twende. Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa."

Bosi alikuwa ameshaweka karatasi zake sawa. "Haya, jina."

Antena akazipanga nakala mezani moja moja: mistari ya kumbukumbu, ukurasa wa mipangilio, mkia wa kijani, ramani yenye mstari wa rula. Akaeleza kwa dakika tano. Mwisho akaweka zile barua tatu za malalamiko. Bosi akaisoma ya kwanza nusu, akaitambua sahihi, akaiweka chini.

"Unaniambia ile mvua ilikuwa ya kwetu?"

"Tuliitengeneza humu ndani, bosi, halafu tukamshitaki mtu wa kilimani kwa kuiona."

Bosi akasugua paji la uso kwa muda. Alipoinua kichwa alikuwa mtu wa biashara tena. "Sawa. Yaliyopita yamepita. Tuandike kwamba toleo jipya halikupatana na vifaa vyetu, hakuna mwenye kosa, kila mtu abaki na kazi yake. Rudisheni toleo la zamani na hiyo nchi yenu mpaka ramani ya wiki hii iishe. Siku tano tu." Akamgeukia Dada Swichi. "Wewe ndiye msimamizi. Bonyeza, nami barua nitaichana mbele yako."

Dada Swichi hakuinua mkono. "Sibonyezi."

"Unajua unachokisema?"

"Najua, bosi. Barua iko droo ya pili."

Mlangoni Mama Chai, aliyekuwa ameleta vikombe, hakuingia wala hakuondoka.

"Ulitaka jina," Antena akasema. Akaikunjua karatasi yake na kuisoma kwa sauti ileile anayosomea namba za kasi. "Mimi, fundi niliyeufunga mtandao huu, ndiye niliyeiwekea ruta nchi isiyo yake ili ipate kasi isiyo halali yake. Niliyafanya hayo kwa akaunti yangu, bila kumwambia mtu. Msimamizi wa sasa alipoweka toleo jipya alilirekebisha kosa langu bila kujua. Hana hatia yoyote. Mtumishi wa kituo cha hali ya hewa aliyeondolewa kwenye skrini naye hakuwa na hatia." Akaiweka mezani. "Nakala nimeiacha kilimani. Ukirudisha ile nchi, mkia utaonekana kesho asubuhi, na safari hii wanajua nyumba."

Bosi akaisoma mwenyewe mara ya pili. Kisha akavuta droo, akaitoa barua yenye muhuri, akaichana mara mbili. Vipande akavitia mfukoni, kama mtu anayeona haya kuvitupa mbele ya watu.

"Na wewe nikufanye nini?"

"Mkataba wangu wa matengenezo uko kwenye faili la kijani. Chana na huo."

Saa tisa kasoro robo Dada Swichi aliipunguza chaneli, akaitoa ruta kwenye njia za rada. Wakapima pamoja. Mia nne na kumi. Wakasubiri robo saa. Mia nne na nane. Wapimaji wakaanza kurudi kwenye viti vyao, mmoja akanung'unika kwamba hapo zamani ilikuwa mara mbili.

"Sasa akaunti," Antena akasema.

"Haina haraka, Fundi."

"Msimamizi akigundua akaunti iliyotumika vibaya anafanya nini? Nilikufundisha."

Akaufungua ukurasa wa watumiaji. Kulikuwa na majina mawili. Kidole kikasimama juu ya la kwanza, kikakaa hapo muda mrefu kuliko unavyohitajika kubonyeza kitu.

"Una chafya?" Antena akauliza.

"Nyamaza," akasema, akabonyeza. Halafu, bila kuambiwa, akabadilisha na maneno ya siri yote, moja baada ya jingine, amempa Antena mgongo.

Antena akabeba begi na ruta ya akiba. Mama Chai akamuaga jikoni. Pale chini kwenye lango akasimama kivulini, akatoa simu na kumwandikia mkewe: *Nina neno la kukwambia kuhusu kaka yako. Nikifika usiniandalie kitu, nisikilize kwanza.* Akabonyeza kutuma. Ujumbe ukazunguka, haukuondoka. Kwa miaka mitatu, kila alipofika kwenye lango hili, simu iliingia kwenye mtandao wa jengo yenyewe, bila kubisha. Sasa ikafungua kidirisha cheupe na kumuomba neno la siri.

Akainua macho kwenye dirisha la ghorofani. Lilikuwa wazi, angeweza kuita. Akaizima Waifai kwenye simu, akaanza kutembea kuelekea barabarani, mkono ukiwa juu, akitafuta mahali ambapo ujumbe ungepita.